Tumbo la Mkonge

Mwaija alikuwa na dharau, na dharau yake ilikuwa na sababu. Mtu aliyesimama miaka mingi mbele ya masufuria ya shughuli huwaona watu wakila, na ukishawaona watu wakila, heshima ya kuwapa inabaki haba. Aliwajua wanaozika nyama chini ya wali ili waonekane hawajapewa. Aliwajua wanaosema pilau haijakolea huku wakilamba vidole mpaka kwenye kiganja. Chanika hapakuwa na harusi wala arobaini iliyopikwa bila yeye, kanga imekazwa kiunoni, mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Walimwita Mama Munira, kwa jina la bintiye wa pekee, na walimnyenyekea. Si kwamba walimpenda. Yeye ndiye aliyekuwa akipakua.

Unyenyekevu huo uliisha mara tu baada ya harusi ya Kudra, binti wa Sufiani.

Sufiani alikuwa mchuuzi wa mahindi, mtu wa sauti kubwa, mwenye kanzu nyeupe kuliko nia zake. Siku ya harusi aliamka mgonjwa. Tangu alfajiri alikuwa akienda nyuma ya nyumba na kurudi amekunja uso, anajifuta mdomo kwa mkono wa kanzu.

"Ni mawazo," aliwaambia watu. "Kumwoza mtoto si mchezo."

Mgonjwa mwenye akili angejilaza. Sufiani alitaka aonekane mkarimu, kwa hiyo alishika mwenyewe ndoo ya maji ya ukwaju akawa anawachotea wageni, kikombe kinazama na vidole vinazama.

"Baba Kudra," Mwaija alimwita kutoka jikoni, "hebu kanawe hiyo mikono."

"Loo! Siku ya kumwoza binti yangu ndiyo unanifundisha kunawa? Angalia moto wako, Mama Munira."

Kesho yake mchana mtaa mzima ulikuwa unatapika. Wanaume waliokuwa wakigombania minofu sasa waligombania mlango wa choo. Walioimba mashairi ya kumsifu bwana harusi waliimba wimbo mwingine, wameinama juu ya beseni. Munira alizidiwa kuliko wengi. Mama yake alimnywesha maji ya chumvichumvi kijiko kwa kijiko, akafua shuka zake, akazoa matapishi yake kwa mikono, wala hakupatwa hata na kichefuchefu.

Hakufa mtu. Walipopata nguvu ya kukaa kitako, jambo la kwanza walilofanya halikuwa kumshukuru Mungu. Walimtafuta wa kumlaumu.

"Sote tulilala chini," alisema Sufiani. "Nani alibaki amesimama? Mpishi!"

"Hata mwanawe hakumhurumia," akadakia jirani. "Mchawi huanza na wa kwake."

Lakini alibaki amesimama mwingine pia. Semboja, mdogo wake Mwaija, baba mmoja mama mmoja, alikuja harusini kutoka Ngombezi, anakofanya kazi katika kiwanda cha mkonge. Alikula kuliko waliofunga ndoa. Ukwaju wa Sufiani aliunywa akaomba tena. Hakuumwa. Wanaume walimkalisha barazani, wakamletea kahawa.

"Tumbo gani hilo, bwana?"

"Mimi nimekunywa maji ya mtaro kule Ngombezi," alijibu Semboja, akijipigapiga kitambi kama anayesifu ng'ombe wake. "Hili tumbo la mkonge. Halikatiki."

Wakacheka, wakamwongeza kahawa. Damu moja, sinia moja, ndoo moja. Wa kiume akawa shujaa, wa kike akawa mchawi, na hakuna hata mmoja barazani pale aliyeona ajabu.

Maneno yalifika Korogwe kabla ya basi. Munira alikuwa amechumbiwa huko, na mama wa mchumba, Bi Maryamu, alimtuma mshenga na ujumbe uliokunjwa vizuri kama kitambaa: ndoa ipo, upendo upo, ila wapishi watatoka Korogwe. Mama wa bibi harusi asiguse sufuria.

Mwaija aliusikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha mshenga chai, naye mshenga akasema amefunga. Haikuwa siku ya kufunga.

Hilo ndilo lililomchoma. Uchawi waliomsingizia aliudharau kama alivyowadharau wenyewe. Lakini alikuwa amewapikia mabinti wa watu wote, wazuri na wabaya, akiihesabu kila harusi kuwa mazoezi ya moja tu, ya Munira. Sasa hiyo moja imefika, naye ameambiwa akae mkekani kama mgeni.

Alimwendea daktari wa zahanati, Ernesti, aliyekuwa amechukua vipimo vya wagonjwa. Ernesti akawaita watu barazani kwa Sufiani.

"Majibu yamerudi," alisema. "Hakuna sumu. Ni kirusi cha tumbo. Hakipikwi hiki, kinatoka kwa mgonjwa, kinapitia mikononi, kinaingia mdomoni kwa mwingine. Kuna aliyekuwa anaumwa kabla ya harusi?"

Sufiani akawa anachunguza mabati ya paa lake.

"Basi kama ni kirusi," akauliza jirani, "mbona yeye kilimwogopa?"

"Hakikumwogopa. Kilikosa pa kushika. Utumbo wa watu wengi una aina fulani ya sukari juu ya ngozi yake ya ndani, na kirusi hiki hunasa hapo kwanza. Wako watu waliozaliwa bila sukari hiyo. Kinawapitia kama maji juu ya jani la gimbi."

"Ana nguvu, kwa hiyo?"

"Hana nguvu. Amepungukiwa kitu, na kupungukiwa kumemfaa. Kikija kirusi cha namna nyingine, kitamlaza kama kitakavyokulaza wewe."

"Na binti yake je, mbona kilimlaza?"

"Mtoto hurithi kwa wawili. Mmoja tu akikupa sukari hiyo, unayo. Kuikosa ni mpaka baba na mama wote wakupe upungufu. Munira kwa mama hakupata, kwa marehemu baba yake amepata." Ernesti akawatazama. "Sijampima Mama Munira, siwezi kuapa. Lakini jambo hili hutembea kwa ndugu wa tumbo moja. Yupo ndugu yake aliyekula siku ile na hakuugua?"

Macho yote yakamgeukia Semboja, aliyekuwa bado hajarudi Ngombezi, kikombe kikiwa mdomoni.

Neno moja lilitosha. Aseme ndiyo, na dada yake arudishiwe mwiko. Lakini angelisema, kitambi chake kingekuwa kitambi tu, na kahawa ya bure ingekwisha.

"Mimi?" Semboja akacheka. "Mimi na sukari wapi na wapi, daktari? Langu mimi ni mazoea ya Ngombezi. Ya dada, ajibu dada mwenyewe."

Baraza likaangua kicheko. Mwaija akasimama, akakung'uta kanga.

"Mwaka ule Kwamsisi," alimwambia taratibu, "watoto wa kijiji kizima walipoharisha, tukabaki mimi na wewe tunakimbizana peke yetu uwanjani. Nilikuwa nakubeba mgongoni. Hukumbuki?"

"Nilikuwa mdogo, dada."

"Kweli ulikuwa mdogo. Nilidhani nimebeba mtoto, kumbe nilibeba kiroba cha pumba."

Akaondoka. Ernesti naye alitazama saa, akawasha pikipiki yake. Ukweli wake aliuacha barazani kama mwavuli uliosahauliwa, na hakuna aliyeuokota.

Siku ya ndoa ya Munira wapishi wa Korogwe walikuja na vijora vya sare na makelele mengi. Mwaija, mkekani, alinusa kitunguu kikiungua, akafumba macho. Akanusa wali ukishika chini. Aliwaachia watu walichokitaka.

Ndoa ilipofungwa, sahani ya bibi harusi ikapelekwa ndani. Ikarudi kama ilivyokwenda.

"Hataki kula," wakasema wanawake.

Bi Maryamu akaingia chumbani. "Mwanangu, kuna nini?"

"Nataka wali wa mama."

"Leo, mwanangu? Watu wanasubiri. Na yale mambo unayajua."

"Nayajua kuliko nyinyi, maana niliyatapika mimi," alisema Munira, hina mbichi mikononi, sauti imekaza. "Nilipokuwa nalala juu ya uchafu wangu, mlifunga milango yenu. Yeye ndiye aliyeniosha. Kama ni mchawi, ni mchawi wangu. Sili cha mtu mwingine, na sitoki humu."

Bi Maryamu alitoka, na yeye aliyezoea kutuma mshenga akaenda mwenyewe mpaka mbele ya mkeka.

"Mama Munira. Mtoto anakuita jikoni."

Mwaija hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikaza kanga, akainjika sufuria ndogo pembeni, akakaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya asali, akatia viungo, na harufu ikapita uani kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Waliokuwa wakitafuna wali wa kuungua wakaacha kutafuna. Alimlisha Munira mwenyewe, tonge kwa tonge, hina isiharibike.

Bi Maryamu aliangalia. Kisha akanyoosha mkono.

"Nawa kwanza, mkwe," alisema Mwaija. "Kwa sabuni."

Bi Maryamu akanawa, akala, akachukua mwiko wa wapishi wake akamkabidhi Mwaija mbele ya watu. Mwaija akainjika sufuria kubwa, na hapo ndipo wengine walipoanza kujipanga. Sufiani alikuja na kanzu yake, akaambiwa anawe mpaka viwikoni, akanawa, kimya kwa mara ya kwanza maishani.

Wa mwisho alikuwa Semboja, sahani mkononi, anatabasamu.

"Dada, mimi nimeshanawa."

"Ukwaju wa Sufiani ulikupita bure," alisema Mwaija. "Wali wangu nao utakupita hivyo hivyo. Wewe si una tumbo la mkonge? Mkonge uko Ngombezi, shamba zima. Kale huko."

Akafunika sufuria.