Alama za Chaki

Nakumbuka siku moja, mchana kweupe, wodi ya wazazi ilipoanza kuogopwa. Mwanangu, nivumilie nikikuita hivyo. Sijaota mvi, lakini niliyoyaona yamenizeesha.

Nilikuwa muuguzi mpya katika hospitali moja huku Katavi. Usafi ulikuwa ugonjwa wangu. Glovu nilizovaa asubuhi sikuzivua hadi nimalize vidonda vyote. Nikitoka kwa mgonjwa huyu kwenda kwa yule nilizipangusa kwa spiriti, zikang'aa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijibunia mwenyewe, nikajisifu kimoyomoyo.

Kisha kidonda cha mama wa kitanda cha pili kikaanza kutoa usaha. Kikafuata cha kitanda cha nne. Siku ya tatu Mama Shija wa Majimoto, kitanda cha sita, aliyejifungua kwa upasuaji na ambaye kidonda chake kilikuwa kikavu, akaamka na homa na harufu ileile. Mama mkwe wake akaanza kufungasha vitu kwenye vitenge.

"Kesho tunaondoka. Humu kuna kitu kinatembea. Kinachagua vitanda."

Sikumbishia. Hata mimi nilishaanza kukihisi nyuma yangu.

Bibi Kalunde, mhudumu wetu wa usafi, mwenyeji wa Kasokola, aliyasikia maneno hayo. Kesho yake asubuhi alisaga chaki, akapaka kitasa cha chumba cha vifaa, nilichokishika kila nilipofuata bandeji, bila kuniambia. Saa saba, jua la dirishani lilipolala juu ya vitanda, akaniita.

"Nesi wetu msafi, njoo usalimiane na jini lako."

Alama nyeupe za vidole. Kwenye reli nyeusi ya kitanda cha pili, cha nne, cha sita. Kwenye faili. Kwenye fundo la kitenge cha Mama Shija, na shavuni mwa mtoto wake aliyelala. Niliweka kidole changu juu ya alama moja. Kikaenea sawasawa.

"Wewe umejikinga, mjukuu wangu," akasema Bibi Kalunde. "Hao umewakinga na nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Kilichowala hawa kilikuwa mkononi mwangu.

Nilimweleza daktari, usaha ukapimwa, dawa zikabadilishwa. Kisha nikaenda kitanda cha sita, mzigo ukiwa tayari sakafuni.

"Mama Shija, kile kitu kinachotembea ni mimi."

Alinitazama mpaka nikatamani anitukane.

"Basi kikanawe," akasema, "kije kinifunge kidonda."

Alibaki. Kidonda kilifunga baada ya wiki nyingi, kwa kovu pana.

Mwanangu, glovu chafu ni mkono mchafu. Ukimaliza mgonjwa mmoja, vua, tupa, nawa kwa sabuni na maji, kausha, ndipo uvae nyingine umwendee wa pili. Nawe uliyekuja na chupa ya uji kumpa mgonjwa pole, nawa kabla hujamshika mkono, na unawe ukimwacha. Ukigundua kosa lako, liseme mapema, kabla mzigo haujafungwa.

Mungu aibariki mikono yako, na kila kidonda utakachokifunga jioni, asubuhi ukikute kikavu.