Kitanda cha Tano

Nilitaka kwenda baharini kwa sababu ya picha. Niseme ukweli mapema, maana wengi wanaonijua hapa Machakos wamesikia kwamba niliipanga safari ile kwa ajili ya mama mkwe. Hilo lilikuja baadaye. Mwanzo wake ni kijitabu cha rangi alichokuja nacho kazini mwenzangu mmoja, chenye meli nyeupe ndefu kuliko ghala letu la saruji, na juu yake watu wamejinyoosha kando ya bwawa la kuogelea. Maji juu ya maji! Nilikitazama wakati wa chai, nikakitazama tena wakati wa chakula, na jioni nikaenda nacho nyumbani bila kumwuliza mwenyewe.

Mwaka huo wageni kutoka ng'ambo walikuwa wamepungua, na meli za kitalii zilikuwa zinatafuta wenyeji kwa bei ya kuvutia: Mombasa hadi Unguja na kurudi, Ijumaa mpaka Jumatatu. Mimi ni msimamizi wa kupakia mifuko katika kiwanda cha saruji kule Athi River. Likizo zangu zilikuwa zimelala miaka miwili. Nikawaita mke wangu Mwende na binti zetu, Mumbua na Syokau, nikawatangazia kwamba sisi nasi tutapanda meli, si kwa kazi wala kwa shida, kwa raha tu.

Wasichana waliruka mpaka kiti kikaanguka. Mwende alikiinua kile kiti, kisha akasema, "Twende na mama."

Mama yake anakaa Masinga, juu ya kilima kinachotazama bwawa. Anaona maji kila siku, na kila siku anaona ng'ambo yake, mbuzi wa watu wakinywa upande wa pili. Tangu nimwoe bintiye alikuwa na swali moja: eti ni kweli baharini kuna mahali mtu akisimama haoni nchi kavu hata upande mmoja? Wavuvi wa bwawani walimcheka. Yeye alitaka kusimama hapo mara moja tu, ageuke pande zote, aone kwa macho yake. Swali hilo aliniuliza kupitia kwa Syokau, ambaye amebeba jina lake na humwita susu, yaani bibi, maana mimi na yeye hatusemezani moja kwa moja.

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Sisi Wakamba tuna kitu tunachokiita nthoni. Ni haya na heshima kwa pamoja. Mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni, hawali pamoja, na hawalali chini ya paa moja. Vijana wa siku hizi wamelegeza, lakini mama mkwe wangu si mtu wa kulegeza, na mimi nilijisifu kwa kuishika. Akija Machakos hulala kwa dada yake Mwende, mtaa wa pili. Nikifika Masinga, yeye huingia jikoni mimi nikiwa bado langoni. Tulikuwa tumeishi hivyo miaka kumi na minne bila kukoseana hata siku moja.

Miezi mitano nilipanga safari ile kama mtu anayepanga zamu kiwandani. Nilikuwa na faili. Mama mkwe hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo tulianzia kwa chifu, tukaenda wilayani, tukamalizia kwa watu wa uhamiaji Nairobi, mara tatu, na kila mara alipanda basi kutoka Masinga alfajiri akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Alipigwa picha ya pasipoti akiwa amekaza uso kama anayeshtakiwa. Alichomwa sindano ya homa ya manjano, mkono ukavimba, akasema hayo ndiyo malipo ya mlangoni. Fundi wa Tala akamshonea gauni la bluu. Kazini nao wakaanza kuniita Kapteni. "Kapteni, meli iko na honi?" "Kapteni, usituzamishe!" Nilikasirika kidogo kwa nje, ndani nikafurahi sana.

Jioni moja nikijaza fomu, Mwende aliniuliza, "Na mama atalala wapi?"

"Melini," nikamjibu. "Kwani watu wa melini wanalala wapi?"

"Nauliza tu, Baba Mumbua."

"Niko na karatasi hapa, Mwende. Wacha nimalize."

Kuuliza si ujinga, lakini mimi nikishika karatasi sisikii mtu. Niliandika: familia moja, vitanda vitano. Katika akili yangu meli ilikuwa gari. Basi kubwa la majini. Na ndani ya basi sisi na mama mkwe tulishasafiri mara nyingi, yeye mbele, mimi nyuma, heshima ikakaa mahali pake. Niliandika vitanda kama mtu anayeandika viti.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tulipanda basi la Mombasa pale njia panda ya Machakos. Mama mkwe aliketi kiti cha mbele na Syokau, kiondo magotini, gauni la bluu limefunikwa leso lisishike vumbi. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Mtito Andei tuliposhuka kunywa chai, mimi nilienda hoteli ya kushoto, wao wakaingia ya kulia, bila mtu kumwambia mwenzake. Nakumbuka nilitafuna chapati yangu peke yangu nikijipongeza jinsi nilivyo mkwe mwenye adabu. Mjinga mimi!

Saa tisa alasiri tulifika Mombasa. Nilikuwa nimepanga chumba cha wageni mjini kwa ajili yetu wanne. Mama mkwe alivuka kwa feri kwenda Likoni, kwa Wanza, mtoto wa kaka yake, ambaye ameolewa huko. Nililipanga hilo mimi mwenyewe na kuliandika kwenye faili: mama, kwa Wanza. Machakos nilikumbuka, Mtito nilikumbuka, Mombasa nilikumbuka. Sijui niliwezaje kukumbuka mara tatu na kusahau ya nne.

Ijumaa, saa saba mchana, tulikutana wote bandarini. Meli ilikuwa pale, nyeupe kweli kama kwenye kijitabu, ila kubwa zaidi, mpaka mtu alazimike kuinua kidevu. Mama mkwe aliitazama toka chini mpaka juu, akatoa sauti ndogo kooni, akashika mkono wa Syokau. Wanza aliyemsindikiza alicheka, "Shangazi, funga mdomo, nzi wataingia!"

Dirishani alikaa karani mmoja, mama wa makamo mwenye buibui na miwani. Alipitia pasipoti zetu moja moja, akagonga muhuri, akasukuma ufunguo mmoja mbele yangu.

Mama mkwe akamnong'oneza Syokau. Syokau akaja kwangu. "Baba, susu anauliza chumba chake ni kipi."

Ndipo iliponiingia. Nikamgeukia karani. "Mama, tunahitaji chumba cha pili. Hata kidogo."

"Hapana kingine, babangu. Meli imejaa."

"Mimi nitalala nje, kwenye viti."

"Haturuhusu mtu kulala nje. Kwani kuna nini? Si familia moja nyinyi?"

Mwende akamweleza kwa sauti ya chini. Yule mama akavua miwani. Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. "Nimefahamu," akasema. "Basi, mmoja kati yenu wawili atabaki. Nani?"

Nitawaambia nilichowaza, kwa sababu hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Niliwaza mara moja, wazi kabisa: nibaki mimi. Mama mkwe aingie na bintiye na wajukuu zake, wanawake wanne chumba kimoja, mimi nilale mjini na kuwapokea Jumatatu. Lilikuwa jambo jepesi, sentensi moja tu. Mwende alikuwa ananitazama akiingoja. Kisha nikawaza kiwandani. Nikasikia "Kapteni, picha ziko wapi?" Shingoni nilikuwa nimetundika kamera niliyoazima. Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya sanduku, kamba ambayo ilikuwa imefungika vizuri.

Nilipoinuka, mama mkwe alikuwa ameshaamua. Aliongea na Syokau, uso ukitazama baharini. "Mwambie baba yako magoti yananiuma leo. Ngazi zile ni nyingi. Mimi nitakaa kwa Wanza, mtanikuta."

"Mama!" Mwende akasema.

"Enda, mwanangu. Usiwakoseshe watoto."

Tukapanda. Alisimama chini na gauni lake la bluu akipunga mkono mpaka akawa mdogo. Wenzangu watu wa safari, meli ikiondoka ni jambo la kufurahisha sana, honi inalia na watu wanashangilia. Mimi nilipiga picha sita.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilitoka juu. Nchi kavu haikuwepo. Niligeuka mbele, nyuma, kushoto, kulia, maji tu, yamekutana na mbingu kila mahali, na upepo wenye chumvi midomoni. Swali la mama mkwe lilikuwa na jibu, na mimi ndiye niliyesimama juu yake. Syokau akaja na sweta la bibi yake mabegani. Kiondo cha mama mkwe kilikuwa kimebebwa pamoja na mizigo yetu katika ile haraka, na Mwende alikuwa amekiweka juu ya kitanda cha tano, na sweta hilo, kabla Syokau hajalichukua, limekunjwa kando, kama mtu aliyetoka kidogo tu.

"Baba, ni hapa susu alikuwa anataka?"

"Ni hapa."

"Sasa si tungemwachia?"

Nilimwambia akaangalie kama chai iko tayari. Siku nzima chakula kilikuwa kingi, muziki ulipigwa, Mumbua akaogelea mpaka vidole vikakunjamana. Mwende aliongea na mimi yale ya lazima: ufunguo, taulo, dawa ya Syokau ya kichefuchefu. Laiti angenigombeza! Ugomvi ningeuweza, nimezoea kugombana na watu wa zamu.

Jumapili tulikuwa Unguja. Tulitembea vichochoro vya mjini, watoto wakanywa urojo, wakachafua nguo. Mwende aliingia duka la kanga, akachagua kwa muda mrefu, akazirudisha, akazichukua tena.

"Za nani hizi, dada?" mwenye duka akauliza.

"Za mama."

"Basi si umlete achague mwenyewe? Yupo wapi?"

"Tumemwacha," Mwende akasema. Akanipita mlangoni bila kunitazama.

Jumatatu mchana tulirudi Mombasa. Mama mkwe alikuwa langoni na Wanza, na lile gauni la bluu, safi, limepigwa pasi. Wasichana walimkimbilia. Wanza akanivuta kando, akicheka. "Huyu shangazi amenichosha! Siku zote tatu yuko kwa feri. Kwa miguu si ni bure, basi anavuka, anashuka, anageuka, anapanda tena. Mpaka wale wafanyakazi wanamwita nyanya wa feri. Nikamuuliza, shangazi, unatafuta nini? Akasema anaangalia kama katikati itapanuka."

Sikucheka. Feri ya Likoni unaona ng'ambo hata kabla haijang'oa nanga. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikaa kiti changu cha nyuma nikitazama kisogo chake.

Wiki mbili baadaye nilifika Masinga kupeleka mbolea. Majirani wanawake walikuwa wamejaa jikoni kwa mama mkwe, wamekuja kusikia habari za bahari. Mimi niliketi nje kando ya ghala la mahindi, mahali pangu pa siku zote, na ukuta wa jikoni ni mwembamba.

"Meli ya mkwe wangu," alikuwa anasema, "ni ndefu kama kutoka hapa mpaka kwa posho mill. Nyeupe. Iko na honi unaisikia tumboni."

"Na kulala? Ulilala wapi na mkwe yuko humo?"

"Haiya! Nilipewa chumba changu peke yangu. Unafikiri mkwe wangu hana adabu?"

"Na yale maji? Hakuna ng'ambo?"

Nikasikia akichochea moto. "Hakuna," akasema. "Pande zote, hakuna."

Wakashangilia. Mimi nilibaki nimeshika kikombe cha chai kilichopoa. Nthoni niliyoifanya kisingizio bandarini, yeye aliichukua akanifunika nayo mbele ya kijiji kizima. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nilichojifunza katika safari yangu ya kwanza ya baharini si kingi. Ukipanga safari ya familia, funga faili umsikilize anayekuuliza mtu atalala wapi. Na lile neno jema likikujia kinywani, liseme hapo hapo, kabla hujainama kufunga kamba. Mengine yote, mizigo, tikiti, chanjo, yanarekebishika.

Nilijaribu kurekebisha. Mwaka uliofuata meli ile ilitangaza safari tena. Nilimtuma Syokau jikoni kwa bibi yake: amwambie safari hii ni yeye na Mwende na wasichana, mimi nabaki, nimeshaomba nafasi. Nilikaa kando ya ghala nikingoja, roho juu. Syokau alikawia. Alipotoka alikuwa anatembea polepole, kama anayeogopa kumwaga kitu.

"Susu anasema asante sana," akasema. "Lakini yeye ameshaenda. Anasema akienda tena, watu watamuuliza ile ya kwanza ilikuwa nini."