Ua wa Miyenzi Tulioupanda Wenyewe

Ukikata miyenzi, utomvu mweupe unatoka papo hapo, mzito, wenye harufu mbichi inayokwaruza koo, na ukikuingia jichoni utalia mpaka jioni. Wengine wanaiita minyaa. Hapa Kigali ndiyo miti ya ua tangu zamani: unakata fimbo ndefu, unazichomeka ardhini zikiwa zimebanana, unazifunga na mianzi ya kulaza, na mvua ikinyesha zinachipua zenyewe. Watu wengi harufu hiyo huwakumbusha nyumbani kwa bibi zao. Mimi inanipandisha hasira, na nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nitamsimulia utoto wangu huku nikitabasamu. Niliinusa tena mwezi uliopita, Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa, mama yangu akiwa ameshika panga, na mambo yote yakarudi.

Tulikuwa tunakaa Rwezamenyo, kwenye nyumba ya mwisho kabla mlima haujaanza kushuka. Baba alikuwa ameshafariki, na Mama alishona nguo barazani, cherehani yake ikitazama kipande cha ardhi tulichokiita Mteremkoni. Hakikuwa cha mtu. Juu kulikuwa na mikaratusi iliyonukia dawa kila jua lilipowaka, katikati nyasi, na chini kabisa chemchemi iliyozungukwa na mafunjo ambamo ndege walijenga viota na kupiga kelele toka alfajiri. Siku ya Idd, msikiti ukijaa, wanaume walitandika mikeka yao kwenye zile nyasi. Siku nyingine palikuwa petu sisi watoto. Tulikalia vigogo vya migomba tukateleza mpaka kwenye maji, tukirudi nyumbani na makalio ya kijani na kuchapwa kwa ajili ya hayo. Watoto wa Mama Grace waliteleza nasi. Mama Grace alikuwa mwalimu wa chekechea aliyekulia Uganda, Mkristo wa kusali kweli kweli, na ndiye aliyekuwa rafiki wa karibu zaidi wa mama yangu.

Mwaka ninaousimulia malori yalianza kumwaga vifusi Mteremkoni. Yalikuja gizani, yakaacha matofali yaliyovunjika, mabati yenye kutu na matope ya simenti yaliyotiririka hadi kwenye chemchemi. Maji yakawa meupe, ndege wakapungua. Umuganda wa kila mwisho wa mwezi ulikuwa na kazi zake, mifereji na barabara, kwa hiyo Mama na Mama Grace waliamua kuongeza kazi yao wenyewe, Jumapili mchana, baada ya kanisa la mmoja na kabla ya sala ya alasiri ya mwingine. Wakaja wanawake wa mtaa, kisha waume zao, kisha sisi. Tulibeba vifusi kwa mabeseni. Tulizibua chemchemi kwa mikono, matope yakitufika kwenye viwiko. Na mvua za masika zilipoanza, mtu mmoja akasema tuzungushie ua, malori yasipate pa kuingilia. Kila nyumba ikaleta miyenzi yake. Mama aliingiwa na utomvu jichoni akashona kwa jicho moja siku kadhaa, akijisifu kwa kila mteja kwamba ameumia vitani. Ule ua ulisimama ukachipua, ukawa mzuri mpaka wapita njia walisimama kuutazama, na sisi watoto tulijiachia upenyo chini yake, kwenye kona ya mkaratusi mkubwa, wa kupitia kwa tumbo. Tulikuwa na furaha ambayo leo naionea haya, maana hatukujua tunafanya nini. Ardhi isiyo na ua ilikuwa ya watu wote. Tulipoizungushia ua, tukaifanya ifanane na kiwanja cha mtu, na huyo mtu hakuchelewa kupatikana.

Lango lilitengenezwa kwa mbao, likafungwa kufuli, na ufunguo akapewa Bwana Saidi. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu na lango. Aliuza vipuri vya pikipiki, alikuwa mpole, aliwajua watoto wote kwa majina. Baba alipofariki, Bwana Saidi ndiye aliyemwosha na kushika mguu wa mbele wa jeneza, na mwezi mzima alituletea mkate asubuhi bila kuulizwa. Nayaandika haya kwa shida, lakini ni ya kweli, na bila hayo msomaji hatamwelewa mama yangu.

Kiangazi kilipoingia, nyasi zikiwa zimekauka na vumbi limetanda kila mahali, wakaja vijana wa vipimo. Walikuwa wanaandikisha ardhi za mtaa, kila mtu asimame mpakani pake na majirani washuhudie. Tulikuwa tumeambiwa watakuja Jumamosi, wakaja katikati ya wiki, asubuhi, wakati wenzetu wako sokoni na Mama Grace yuko darasani. Mama aliwasikia akiwa barazani. Akaacha cherehani, akashuka, nami nyuma yake. Tuliwakuta langoni na picha kubwa ya ramani, na Bwana Saidi amesimama pale na ufunguo mkononi. Kijana mmoja akauliza, bila kumtazama mtu, "Kiwanja hii iko ya nani?"

Bwana Saidi akasema, "Iko yangu. Mpaka ni hii miyenzi."

Aliyasema kwa uso mkavu, mama yangu akiwa hatua chache kutoka kwake. Yule kijana akamgeukia Mama, akamwuliza kama yeye ni jirani, Mama akasema ndiyo. Akamwuliza kama ana neno. Nilimvuta kanga. Nilimvuta kwa nguvu mpaka karibu imvuke, maana hata mimi mtoto nilijua jibu. Mama akatazama chini, akafunga kanga yake vizuri, akanyamaza. Kijana akapiga mstari kwenye ramani yake wakaenda kwenye kiwanja kingine.

Jioni alinieleza kwamba mtu mzima hamwaibishi jirani yake mbele ya wageni, kwamba atazungumza naye wakiwa peke yao, kwa heshima. Na kweli akaenda, na Mama Grace wakaenda pamoja. Bwana Saidi aliwakaribisha, akawapa chai ya tangawizi, akawaambia ameandikisha kwa jina lake ili ardhi isipotee, kwamba jina ni jina tu, Mteremkoni ni petu sote. Mama alirudi ameridhika. Mama Grace hakuridhika hata kidogo. Alisimama barazani kwetu, chai ya watu tumboni, akasema muda wa kupinga bado upo, kesho waende watu wote wakaseme. "None se, sasa basi, Mama Zaina," akamwuliza mama yangu, "wewe uliona kwa macho yako, ulinyamaza juu ya nini?"

Mama akamjibu, "Alimbeba mume wangu. Mimi nitamshitaki juu ya nyasi?"

Hawakwenda. Mama ndiye aliyekuwepo siku ile, bila yeye hapakuwa na shahidi. Jumapili zilizofuata tuliendelea kufyeka na kusafisha chemchemi ya Bwana Saidi, bure, tukiimba.

Mvua nyingine zilipofika akauza. Hakutuaga. Alihamia Rebero na familia yake, na tulijua tulipoona watu tusiowajua wakiangusha mikaratusi. Walianza na ule mkubwa wa kwenye kona. Harufu ya dawa ilijaa mtaa mzima, na watoto wa Mama Grace walisimama nje ya ua nami, vigogo vya migomba mikononi, tukifukuzwa na mlinzi aliyeshika fimbo ya miyenzi yetu wenyewe. Chemchemi waliifukia. Mama alihamishia cherehani yake upande wa pili wa nyumba, akashona akitazama ukuta. Nilimkasirikia miaka mingi. Bado namkasirikia. Nimejaribu kumkasirikia Bwana Saidi peke yake, ingekuwa rahisi zaidi, lakini wezi wapo kila mahali, na huyu hakuhitaji hata kuiba. Alihitaji tu watu wenye adabu.

Sasa pale pana nyumba za ghorofa za kupangisha. Chemchemi haikukubali kufa, kila masika inatokea barabarani chini na kuingia kwenye vyumba vya watu wa bondeni, nao wanatoa maji kwa ndoo wakidhani ni mvua. Watoto wangu wanachezea kwenye maegesho ya magari. Ua umebaki, umekuwa mnene na mrefu kupita watu, wenye nyumba wanaupenda. Na katika umuganda wa mwezi uliopita kundi letu lilipangiwa kuupunguza upande wa njia, kwa sababu matawi yanawagusa wapita njia. Nilimwambia Mama sitaugusa, na yeye asiuguse. Mama amezeeka. Akachukua panga akaenda moja kwa moja kwenye kona iliyokuwa na mkaratusi mkubwa, akainama, akaanza kukata chini kabisa, kwenye shina. Hakuwa anapunguza matawi. Alikuwa anafungua upenyo. Utomvu ulimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Mlinzi akaja anakimbia, kijana mdogo tu, akamwuliza anafanya nini, kwani miti hii iko ya nani.

Mama akainuka taratibu, akafunga kanga yake vizuri, akamtazama usoni. "Iko yangu," akasema, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. "Nimeipanda mimi na wenzangu. Na kiwanja iko yetu."

Watu waliacha kazi. Mlinzi akacheka kidogo, akamwambia bibi aende akapumzike, na kabla ya mchana upenyo ulikuwa umezibwa kwa bati. Nilimpeleka Mama nyumbani nikamwosha mikono kwa mafuta, maana utomvu ule hautoki kwa maji. Sikumpongeza. Sauti hiyo anayo, kumbe alikuwa nayo siku zote, na siku ilipohitajika nilikuwa nimeshika kanga yake, nikivuta.