Mpaka Atoke

Mdogo wangu tulimpa jina la Kwanini tangu ananyonya kidole, kwa sababu hakukubali jambo bila kulihoji. Kwanini gari lipite limebeba mtu mmoja na viti vingine vitupu? Baba alimjibu kwamba gari ni la mwenyewe, na mwenyewe hana haja ya kubeba watu. Hakuridhika. Mpaka leo hajaridhika, na ndiyo maana wanamlipa mshahara.

Akasoma mambo ya kompyuta, akarudi, akapanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akawa humo na wenzake wawili wakipumua vumbi la saruji. Kazi yao ilikuwa hii: wewe unaita gari kwa simu, mtu usiyemjua naye anaita, kompyuta inaona mnaelekea njia moja, inawaweka gari moja na kumwonyesha dereva pa kupita. Watu walimcheka. Nani atakubali, walisema, kupakiwa na asiowajua kama magunia? Mdogo wangu akatia pamba masikioni. Leo mji mzima unapanda magari hayo, yeye ndiye mkuu wa huduma, na wale waliomcheka wanamwita mheshimiwa. Nawajua kwa sura. Wakija kwangu kushonewa nguo nawakalisha makusudi.

Sasa mwaka jana bodi inayosimamia huduma ikazua jipya: mtaa wetu uondolewe kwenye huduma. Kwetu ni mlimani, ngazi tupu. Nyumba ziko juu, gari linaishia chini. Kompyuta humpa dereva muda mfupi wa kumngoja abiria, kisha humwambia aondoke. Lakini madereva wa kwetu wanajua watu wao. Mama yetu ana goti bovu. Hushuka ameshika ukuta, anasalimia kila mlango, na dereva kule chini amezima injini anamngoja. Ofisini, kungoja kote kwa namna hiyo huingia kwa rangi nyekundu, na kwenye ramani yao mtaa wetu ulikuwa mwekundu kama jicho la mlevi.

Kwa mama, gari lile ndilo mguu wake. Likiondolewa, hatoki tena nyumbani mpaka siku ya kubebwa. Niliposikia nilitaka niende nikawape vidonge vyao. Mdogo wangu akanizuia.

"Njoo mkutanoni, dada, uje na mama. Lakini nakuomba ukae kimya."

Mkutano ulikuwa wa wazi. Wananchi wanaruhusiwa kukaa nyuma na kunyamaza, kazi ambayo mimi sijaizoea. Mwenyekiti wa bodi, mzee laini wa sauti na mkavu wa moyo, akaonyesha ramani yake. Akasema huduma ya kisasa inakwenda na takwimu. Mkuu wa huduma auondoe mtaa ule, au bodi itafute mkuu mwingine.

"Mtafute," mdogo wangu akasema. "Mimi siuondoi."

Mjumbe mmoja akakohoa. "Tuseme ukweli, mheshimiwa. Unamtetea mama yako. Si anakaa kule?"

Damu ilinipanda. Mama akanibana paja.

"Ndiyo, namtetea mama," mdogo wangu akajibu bila kupepesa. "Mlidhani namtetea nani? Yule pale nyuma, msalimieni." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mzee wangu, naomba kuuliza. Mama yako yu hai?"

"Yu hai, namshukuru Mungu."

"Akitaka kwenda mahali, anapanda nini?"

"Nampelekea gari langu, na dereva."

"Na huyo dereva humngoja muda gani?"

Mwenyekiti akakunja uso, maana aliliona swali la kitoto. "Mpaka atoke," akasema.

Lilimtoka mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Ukumbi ulilisikia kabla yake.

"Basi katibu aandike hivyo hivyo," mdogo wangu akasema, akaketi.

Usidhani walimpigia makofi. Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe wakauacha mtaa ubaki, kwa shingo upande. Gari la ofisi wakamnyang'anya, eti wanamkomoa. Hawamjui. Sasa anapanda magari ya pamoja kama sisi, anawasikiliza abiria wakilalamika, na anafika kazini na maswali mengi kuliko zamani. Wajumbe wamekoma.

Kompyuta aliibadilisha mwenyewe. Gari likifika chini ya ngazi zetu, dereva haambiwi tena aondoke. Kwenye kioo cha simu yake yanatokea maneno mawili tu, Mpaka Atoke. Na mama ameshajua. Siku hizi akifika mlangoni hurudi ndani kubadili kitambaa cha kichwa. Nikimgombeza, ananiambia nisimharakishe, yeye ana kibali cha bodi.