Nimemwamkia Mzee Chini ya Maji

Bagamoyo, Jumapili. Miezi tisa tangu niondoke Singida.

Leo nimemwamkia mtu chini ya maji. Chekeni mmalize, ndipo niendelee.

Mzee Shomari huwapeleka wageni kutazama samaki kwenye matumbawe, na anatafuta msaidizi. Nami nimechoka kubeba saruji Mapinga, nikaenda kujaribiwa.

Nilichelewa. Nikarukia boti nyuma, mzee yuko mbele na wageni, injini inanguruma. Salamu haikuwezekana.

Tulipofika nikavaa miwani, nikang'ata bomba la kupumulia, nikajilaza majini kama mtaalamu.

Samaki wazuri, sikatai.

Mara nikakutana uso kwa uso na mzee. Mama alinifunza kuwa mkubwa hapitwi kimya. Nikatoa bomba mdomoni.

"Shikamoo!"

Bahari yote ikaingia.

Nikapiga mateke, nikatoa shahada, nikaaga dunia rasmi. Mzee akanikamata shati, akaniinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Sasa simama."

Nikasimama. Maji ya kiunoni! Wageni wakapiga picha. Ahsanteni sana.

"Adabu unayo," akasema mzee, "ila nikikuachia wageni utawazamisha kwa salamu."

Kazi sikupata. Kesho saruji kama kawaida.

Nyumbani mnitarajie Idi, inshallah. Nitakuja kwa basi, nikiwa mkavu.