Marto ya Misumari, si ya Kokoto

Mkono wangu wa kuume haujui kukaa. Darasani unapiga ngoma juu ya benchi, kanisani unavuta nyuzi za suruali, na nyumbani unafika kwenye samaki kabla sala haijaisha. Kwa hiyo prof wa gym, mwalimu wetu wa michezo, alipotuambia kwamba servisi ya tenisi inaanza na mkono uliotulia, nilijua nimekwisha.

Shule moja ya Sange ilikuwa imetualika kucheza Jumamosi. Ilibaki nafasi moja tu, na tulioitaka tulikuwa wawili: minye mwenyewe, na binti mmoja wa darasa letu ambaye familia yake ilishuka kutoka milima ya juu, na ambaye anatoa maneno kama mtu anayetoa chumvi, kidogo kidogo. Niliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Si kwa ajili ya Sange yenyewe. Sange nimeipita, ni mpunga na mihogo na mabasi yanayopiga honi. Ni kwa sababu shuleni kwetu, nikifungua kinywa, watu wanacheka kabla sijamaliza, hata nikiomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilitaka mara moja tu niitwe kwa jambo lisilo kichekesho.

Uwanja wetu hapa Uvira ni wa simenti ya zamani, kando ya ziwa, na ziwa limeshaula nusu. Ng'ambo ya wavu maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Hakuna awezaye kukimbia kule, kwa hiyo hatuchezi, tunapiga servisi tu. Prof amechomeka matete majini kuonyesha mahali mpira unapotakiwa kuanguka. Ukianguka ndani, chubwi, watu wanashangilia. Ukianguka nje ni chubwi vilevile, ila unavua viatu na kwenda kuuokota mwenyewe.

"Mukamate raketi kama marto," prof alisema siku ya kwanza.

Nilifurahi. Nyundo naijua! Tangu maji ya ziwa yalipotutoa kwenye parsele yetu, kiwanja chetu wenyewe, tunapanga nyumba mtaa wa Kimanga, na bibi yangu anaponda mawe kuwa kokoto za kuuzia wajenzi. Nikitoka shule namsaidia. Basi nikaikamata raketi kama bibi anavyokamata: juu kabisa, karibu na kichwa, mpini wote umelala chini ya mkono hadi kwenye kiwiko. Hata nikachuchumaa kidogo.

Prof aliniangalia mpaka akasahau filimbi mdomoni.

"Weye, ile iko nini?"

"Marto, prof."

"Marto gani?"

"Ya kokoto."

Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Na naapa, siku ile sikuwa natania hata kidogo.

"Marto ya misumari, muntu wa Mungu! Shika chini, mwisho wa mpini! Hapa iko tunapigilia, hatupondi!"

Nikateremsha mkono, na shida yenyewe ikaanzia hapo. Ukishika marto ya misumari, raketi haikuonyeshi uso wake. Inakuonyesha ubavu, mwembamba kama panga. Mpira unashuka kutoka juu na akili inapiga kelele: utaupasua kama papai! Prof anasema usiogope, mkono utajigeuza wenyewe mwishoni kabisa. Lakini mkono wangu haujawahi kungoja mwisho wa kitu chochote. Mpira ukiwa bado hewani, vidole vinateleza taratibu, kama mwizi anayejua mlango, na ghafla vimeshika raketi kama mwiko wa bugali: uso mpana mbele, salama. Ukipiga servisi kwa mwiko, mpira unaruka juu ya matete na kwenda kusalimia Burundi.

"Huyu mkono wake," prof alimwambia yule binti, kana kwamba mimi sipo, "iko unahama-hama kama muntu asiye na parsele."

Wakacheka. Minye nilicheka kuliko wote, maana ndiyo kazi yangu. Lakini neno lile lilinifuata njia nzima hadi Kimanga, nikipiga mateke kila kopo nililolikuta.

Ijumaa asubuhi ndipo prof angechagua. Alhamisi jioni nikachukua ule ukanda wa mpira wa gurudumu tunaofungia mizigo kwenye baiskeli. Nikauweka mkono mahali pake kwenye raketi, chini, marto ya misumari, nikauzungushia ukanda huku nikivuta kwa meno mpaka vidole vikavimba.

"Kaa hapo," nikauambia. "Leo umepata parsele."

Palepale mama akaita: bugali iko tayari. Nikavuta fundo. Halikusikia. Nikakaa mbele ya sahani na raketi yangu, nikapeleka mkono wa kushoto.

"Eh!" Baba aliacha tonge hewani. "Kushoto? Mu sahani ya watu?"

"Wa kuume uko na kazi, papa."

"Kazi gani?"

"Unajifunza kukaa."

Bibi alijaribu fundo kwa kucha, mdogo wangu kwa meno. Baba alitaka kisu, mama akakataa: ukanda ule ndio unafungia gunia lake la mihogo. Mwishowe mama alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akanilisha kama mtoto wa mgongoni, na wadogo zangu wakaniimbia wimbo wa kubembeleza.

"Akifika Sange," baba aliuliza, "atalishwa na nani?"

Baada ya chakula bibi akapaka fundo mawese, likaachia.

Ijumaa alama za ukanda zilikuwa bado kwenye ngozi. Tulipiga kwa zamu. Wa kwanza kukosa anabaki Uvira. Binti akapiga: chubwi, ndani. Nikapiga: ndani. Yeye ndani. Mimi ndani. Wenzetu walianza kunyamaza, kitu ambacho sijawahi kukisikia nikiwa karibu. Yeye tena, ndani.

Nikarusha mpira juu. Ukashuka. Ubavu ule ule, panga lile lile. Nikangoja vidole viteleze, na havikuteleza. Vilikaa! Furaha ilinipanda kutoka visigino, nikapiga, na mpira ukaanguka katikati kabisa ya matete.

Prof akapiga filimbi. "Mguu! Umeruka laini kabla ya kupiga."

Nikaangalia chini. Kiatu changu kilikuwa upande wa pili wa mstari, kimetulia kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa.

"Lakini mkono wake haukuhama, prof," binti alisema. Sikuwahi kumsikia akitoa maneno mengi hivyo.

"Mkono, ndiyo. Sasa miguu ndiyo iko inatafuta parsele."

Safari hii walicheka kidogo tu. Walikuwa bado wanautazama mpira wangu ukielea kati ya matete. Binti akavua viatu, akaenda kuuokota. Jumamosi Sange ilikuwa yake.

Nyumbani mama hakungoja niketi. "Wamekukamata kwenda Sange?"

"Wamekamata mkono, mama. Miguu wameikataa."

Akaniangalia usoni, kisha mkononi, kwenye zile alama.

"Basi uoshe mkono huo," akasema. "Leo utakula nao."