Nikicheka, Ujue Naogopa

Naitwa Bosco. Nasema polepole, na nikipotea katikati ya habari narudi nyuma, kwa hiyo mwenye haraka aende tu, sitamkasirikia. Au nitamkasirikia kidogo. Ninyi mliobaki, wazazi hasa, mliokuja leo na watoto wenu wanaochelewa kuelewa kama mimi, kaeni vizuri. Nataka kuwaambia jinsi tumbo lilivyotaka kuniua, likashindwa.

Mimi si mtoto. Nina ndevu, na nyingine zimeanza kuwa nyeupe, lakini hapa Kisangani bado wanasema, "Ule mutoto wa Anto." Anto ni dada yangu mkubwa, namwita Yaya. Tunaishi pamoja mtaa wa Mangobo. Yeye anapika kwanga, mimi nafunga. Muhogo ukishapondwa, nauviringisha ndani ya majani, nakaza kamba, napiga fundo. Sijui kusoma, na saa inanisumbua, lakini kwanga niliyoifunga mimi haijawahi kufunguka ndani ya sufuria. Ulizeni sokoni.

Mama yetu alishakufa. Yeye ndiye aliyenifunza kuishi na watu. Nilipokuwa mdogo watu walinicheka nikisema maneno mengi, basi akaniambia, "Mutu akikuuliza habari, jibu: Bien, merci. Halafu nyamaza." Ni Kifaransa, maana yake nzuri, asante. Ilinisaidia sana. Ukisema bien, merci, watu wanapita, hakuna anayekutazama mara mbili. Kisha mama akaugua. Aliingia hospitali kwa miguu yake, amevaa kitenge chake kizuri, akatoka amefunikwa shuka mpaka usoni. Tangu hapo, nikiona ukuta wa hospitali, navuka barabara.

Bon, haya. Ugonjwa ulianza asubuhi, nikiwa nafunga. Kitu kilinifinya karibu na kitovu, kikaacha, kikarudi. Yaya aliona kamba imeniponyoka, akauliza, "Bosco, iko nini?" Nikajibu, "Bien." Nikacheka. Hiyo ndiyo shida yangu, mjue mapema: nikiogopa, nacheka. Sichagui. Woga ukipanda, kicheko kinatoka chenyewe, na woga ukizidi, nacheka kwa nguvu zaidi.

Mchana nilitapika. Jioni nikatapika tena, maji ya kijani, machungu. Maumivu yakateremka upande wa kulia, chini, juu kidogo ya nyonga, yakakaa pale yasitoke. Yaya akanipeleka dispensari ya mtaa. Mtu wa pale hakunitazama. Akamuuliza Yaya, "Ule iko na nini?" Mimi niko hapa! Nimekaa mbele yako na masikio yangu mawili! Mwishowe akanigeukia: "Unasikia maumivu?" Nikasema, "Bien, merci," nikacheka. Akasema ni malaria, akanitundikia maji ya dawa, tukarudi nyumbani.

Kesho yake sikuweza kunyooka. Nilitembea nimeinama kama mtu aliyeangusha sindano. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, jasho la baridi linanitoka, choo hakuna, hata upepo hautoki. Nikaanza kugonga kichwa ukutani. Nawaambia kwa nini: maumivu ya kichwa nayajua, yale ya tumbo sikuyajua, nikataka yale ninayoyajua. Majirani wakajaa mlangoni. "Kichwa yake imepanda," mmoja akasema, yaani nimepata wazimu. Mwingine akasema niombewe. Yaya akawafukuza wote. "Kichwa yake naijua kuwapita! Hii si kichwa!"

Akanipakia kwenye pikipiki, yeye nyuma amenikumbatia. Kila shimo la barabara lilinichana ndani. Nilicheka njia nzima. Dereva alidhani nafurahia safari, akaongeza mwendo. Ole wangu!

Nilipouona ukuta ule, ukuta uleule uliommeza mama, miguu ilikataa. Walinibeba. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu, si mtu mbaya. Akauliza, kama anayesema na mtoto mdogo, "Petit, unasikia namna gani?"

"Bien, docteur, merci."

"Tumbo inauma?"

Nikacheka. Akanyoosha mkono, nami nikampiga teke. Mkono wake ulikuwa baridi, na hakuniambia unakwenda wapi. Wanafunzi wawili wa uuguzi wakanibana mabega. Mmoja akasema nifungwe kamba kitandani. Kamba! Kamba ni ya kwanga, si ya mtu. Nikapiga mayowe na kucheka, mayowe na kucheka, na Yaya analia, "Docteur, ameanza kutapika tangu jana!" Sikujua kufa kunakuwaje, lakini niliamini kumefika. Na wote mle ndani walikuwa wanaona mtu anayecheka.

Daktari akasema, "Labda ni crise ya akili. Tumuchome sindano ya kumutuliza." Kisha akajikuna shingo. "Hapana, ngojeni. Muniitie Mama Odette kwanza."

Mama Odette ni muuguzi, lakini kazi yake si kama ya wenzake. Alikaa miaka mingi kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili, akajifunza kuwauguza, halafu hospitali ikamchukua. Mtu kama mimi akiingia pale, yeye anaitwa. Anatembea naye kila chumba. Anawaeleza madaktari huyu ni nani, na anamweleza huyu madaktari wanataka nini. Ni mnene, sauti yake inafika ng'ambo ya mto, na hasira zake ziko karibu.

"Tokeni nyote," akasema. "Docteur, dakika kidogo tu. Dada yake abaki."

Mikono ikaniachia. Akafunga mlango, akavuta kigoda, akakaa chini kuliko mimi. Akanitazama mimi, si Yaya.

"Miye naitwa Odette. Weye?"

"Bosco."

"Bosco, sitakugusa bila kukuambia." Kisha, macho bado kwangu, akauliza, "Dada, Bosco akiogopa, anafanyaka nini?"

Yaya akapangusa kamasi. "Anacheka, mama."

Mama Odette akasogeza kigoda karibu nami. "Eh, Bosco. Basi leo uko na woga mingi sana."

Kicheko kikakatika. Nililia mpaka nikatapika juu ya viatu vyake. Akavivua, akavisukuma pembeni kwa mguu, akasema, "Sawa. Leo weye ndiye docteur, miye ndiye mugonjwa. Unionyeshe fasi yenye kuuma." Akapanda kitanda cha pili, kitanda kikalia, akalala chali na tumbo lake kubwa juu.

Nikajikokota mpaka pale, Yaya akinishikilia. Nikaweka kiganja kwenye kitovu chake. "Ilianza hapa." Nikakiteremsha kulia, chini. "Ilihamia hapa."

"Finya basi, docteur."

Niliondoa mkono haraka. "Hapana! Nikifinya hapa utakufa."

Hakucheka. Alishuka peku, akafungua mlango. "Docteur, kuja. Amesema."

Daktari akaja. Safari hii alisugua mikono yake kwanza ipate joto, akaniambia kila kidole kinakwenda wapi, na Mama Odette akaniachia mkono wake niukamue. Daktari alibonyeza polepole, nikavumilia. Alipoachia ghafla, ndipo nikaona nyota mchana.

"Appendicite," akasema, yaani ugonjwa wa kidole tumbo. "Imeanza kupasuka. Tunapasua leo hii. Papa Bosco, unisamehe. Sikukuelewa."

Papa Bosco! Yaani baba, mtu mzima! Siku nyingine ningefurahi. Siku hiyo nilisikia "tunapasua" tu. Nikashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Mama yangu aliingia humu," nikasema. "Hakutoka."

Yaya akataka kunituliza: "Ni sindano tu, Bosco, kidogo tu." Mama Odette akamkatiza, kwa ukali wote. "Usimudanganye! Akiamuka na kidonda, hatatuamini tena." Akanigeukia. "Mama yako sikumujua, siwezi kusema kitu. Weye, bila kupasuliwa, utakufa. Ukipasuliwa, nafikiri utapona. Utalala, hutasikia kisu. Ukiamuka, itauma sana. Miye nitakuwa pale."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo kubwa hivyo na kusubiri jibu langu. Nikajikojolea. Mama Odette akasema maji yanakauka. Daktari alitazama mlango, halafu saa, lakini akangoja. Mwishowe nikasema, "Sawa. Lakini Yaya afike mpaka mlangoni." Daktari akakubali.

Mfukoni nilikuwa na kipande cha kamba ya kwanga. Nilikishika nikakataa kukiachia. Ndani ya chumba cha upasuaji kitu kama hicho hakiingii, Mama Odette akaniambia, ni cha nje, kina uchafu. "Anto atakilinda. Ukiamuka, nitakifunga kwenye mukono yako." Akavaa barakoa yeye kwanza, akaivua, akavaa tena, ili nione ni uleule uso. Daktari naye akashusha yake. "Ni miye, Papa Bosco." Taa zilikuwa kubwa. Nilicheka, nikamsikia Mama Odette akiwaambia wenzake, "Anacheka, simameni kidogo." Wakasimama wote! Nilipopumua, wakaendelea. Halafu sijui tena.

Niliamka na moto tumboni. Nikadhani nimekufa na ndivyo inavyouma. Nikatazama mkono wangu: kamba ilikuwepo, fundo baya kabisa, fundo la mtu ambaye hajawahi kufunga kwanga maisha yake. Maiti haioni fundo baya. Nikajua niko hai.

Msidhani iliishia pale. Kulikuwa na mpira unaotoka tumboni kwangu, unatoa usaha wenye harufu hata mimi nilijionea haya. Homa ilirudi. Kila nikisikia magurudumu ya kitanda kwenye barabara ya ndani, niliamini wanakuja na shuka la kunifunika. Mama Odette alinifunza kusema maumivu kwa mkono: ngumi ni kidogo, vidole vyote wazi ni mengi. Akawafunza na wauguzi wa zamu. Yule mwanafunzi aliyetaka kunifunga ndiye aliyekuja kunitazama mkono mara nyingi kuliko wote.

Na walitaka nijambe. Ndiyo, msinitazame hivyo! Ukishapasuliwa tumbo, upepo ukitoka ni dalili kwamba matumbo yameamka. Daktari aliuliza kila akipita, nami kila akipita nilijibu, "Bien, merci," maana mama alisema mambo hayo hayatajwi mbele ya watu. Mama Odette akaniinamia. "Bosco, humu ndani hiyo ndiyo habari njema." Siku ilipotoka, ilitoka kwa sauti. Papa mmoja mvuvi wa kitanda cha jirani akapiga makofi, wodi nzima ikamfuata. Yaya akacheka hadi akakaa chini.

Nilirudi nyumbani, mwembamba, na kovu refu. Nafunga kwanga tena. Ya kwanza niliyoifunga nilimpelekea Mama Odette, nikamwonyesha fundo linavyopigwa. Bado hajui.

Namshukuru Mungu, namshukuru Yaya ambaye alijua si kichwa, na daktari aliyekubali kungoja. Ninyi wazazi, wafundisheni watoto wenu kusema "inauma," hata kwa mkono. Mkifika hospitali, semeni mapema mtoto wenu akiogopa anafanya nini, na ulizeni kama kuna mtu wa kazi kama ya Mama Odette. Na ninyi wauguzi mlioko hapa, niulizeni mimi, si dada yangu peke yake.

Woga haujaisha. Kuna jambo linaniamsha siku hizi. Namwona mama na kitenge chake kizuri, daktari anamuuliza anasikiaje. Yeye ndiye aliyenifunza kujibu. Alijibu nini?

Mkinikuta njiani mkiniuliza habari, nitasema bien, merci, kwa sababu mama alinilea vizuri. Lakini mkiona nacheka, niulizeni tena.